Mtoto Akielewa Kwanza, Kiingereza Kinakuja: Niliyowaambia Walimu Wakuu Wapya Hapa Mbeya

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wanangu hamjambo. Kamwene kwa waliotoka Iringa, Njombe na Mbarali, ugonile kwa wa Rungwe na Busokelo, na ndugu zangu wa Makete, Ileje, Mbozi na Chunya nawasalimu kwa heshima ile ile. Haya ninayoyaweka hapa ndio niliyoongea pale ukumbini na walimu wakuu na wakuu wa shule walioteuliwa juzijuzi, wengi waliniomba niyaandike ili wakasome na wenzao vituoni, basi nimeandika kama nilivyosema, sijapamba.

Mimi nimekuja na jambo moja. Mtoto anajifunza Kiingereza kwa kupitia kitu ambacho ameshakielewa, na anayeamua kama shule yako itafuata njia hiyo ama itawafanya watoto wakariri tu ni wewe uliyekabidhiwa ofisi. Najua kuna wizara, kuna TAMISEMI, kuna mtaala, kuna wadhibiti ubora, kuna NECTA inasubiri mwisho wa safari. Lakini hao wote hawapo darasani saa mbili asubuhi. Wewe upo, na mwalimu wako anakuangalia wewe ili ajue nini kinaruhusiwa.

Nianze na nilikotoka maana wengine hamnifahamu. Nimeanza ualimu Gredi A, shule ya msingi ya kijijini, juu kule safu ya Kipengere ambako mwezi wa sita asubuhi mtoto anashika penseli vidole vimekufa ganzi. Nikapewa darasa la kwanza. Sasa nyie mnajua sisi Watanzania tunasema lugha ya mtoto ni Kiswahili, na mjini kweli iko hivyo, ukienda Soweto au Mwanjelwa pale watoto wanagombana kwa Kiswahili, wanaota kwa Kiswahili. Lakini panda Makete, panda Umalila, ingia ndani ndani ya Ileje, utakuta mtoto wa miaka sita anakuja shule na Kikinga, Kimalila au Kindali chake kizuri kabisa na Kiswahili cha salamu tu.

Nilikuwa na binti mmoja analelewa na bibi yake. Wengi walikuwa wanalelewa na mabibi kipindi kile, na mkoa wa Njombe, ambao Makete imo ndani yake, mnajua ulivyoumizwa na ukimwi, utafiti wa 2011-12 ulikuta watu wazima asilimia 14.8 wana maambukizi, kuliko mkoa wowote nchini. Mtoto anayelelewa na bibi anaongea lugha ya bibi. Basi huyu binti nikisema "toa daftari" ananiangalia tu, nikisema "simama" anaangalia wenzake wanafanya nini ndio anafuata. Ukiwa na haraka unaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito. Nikamkalisha na mwenzake mmoja aliyekuwa anajua lugha zote mbili, nikamwambia huyu wa pili ruksa, mnong'oneze, usiogope. Ikawa ninachosema mimi kwa Kiswahili anakisikia mara ya pili kwa Kikinga sikioni. Kwenye hesabu akaamka mapema kuliko wote, vijiti anavihesabu kwa lugha ya bibi halafu jibu analitaja kwa Kiswahili. Kufika mwisho wa mwaka alikuwa anasoma hadithi ya Kiswahili mbele ya darasa, na yule mnong'onezaji naye kapata faida yake, maana anayemweleza mwenzake anaelewa mara mbili.

Hapo ndipo nilipoona kwamba shule zetu huku nyanda za juu ni za lugha tatu, sio mbili, na walimu wakuu wa msingi mliopo hapa naomba mlibebe hilo. Jueni ni watoto gani wa darasa la awali na la kwanza wanakuja na lugha gani. Huhitaji fomu wala mradi, ni kumuuliza mwalimu wa darasa na kumuuliza bibi akija kikaoni.

Baadaye nikajiendeleza, nikapata diploma, na Mkwawa pale Iringa ilipogeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005 nikaenda kuchukua digrii, nikarudi kufundisha sekondari, tena shule ya kata. Nyie vijana mmezikuta, hamjui zilivyoanza. Ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulioanza 2004 ulitaka kila kata iwe na sekondari yake, wananchi wakabeba mawe, wakabeba mchanga, madarasa yakasimama, watoto wakajaa. Lilikuwa jambo kubwa na mpaka leo naheshimu jasho lile. Lakini mtoto aliyekuwa anaingia fomu wani alikuwa amefundishwa miaka saba yote kwa Kiswahili, amefaulu darasa la saba kwa Kiswahili, halafu Januari ile ile anaambiwa kuanzia leo jiografia ni Kiingereza, baiolojia ni Kiingereza, hesabu ni Kiingereza. Mimi nilikuwa nawaona. Wiki ya kwanza wanauliza maswali, wana kelele, mikono juu. Ikifika Machi darasa limenyamaza. Wazazi na hata walimu wengine wakisikia kimya hicho wanasifia nidhamu, ndugu zangu, mimi nawaambia ile sio nidhamu, ni mtoto amejifungia ndani kwa sababu akifungua mdomo atachekwa.

Na tatizo hili halikuanza na shule za kata. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliunda Tume ya Rais ya Elimu, mwenyekiti wake Jackson Makweta, mtu wa huku kwetu Njombe. Ripoti ikatoka 1982, na tume ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985 halafu vyuo vikuu vifuate mwanzoni mwa miaka ya tisini. Haikufanyika. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia msingi mpaka chuo kikuu, wakakuta kwamba wanafunzi wa kidato cha nne walio kwenye kiwango ambacho ndio kwanza ungeweza kuanza kuwafundisha kwa Kiingereza walikuwa kama asilimia 10 tu. Yaani wanamaliza, sio wanaanza! Pamoja na hayo wakashauri Kiingereza kibaki, ukaja mradi wa kukisaidia na vitabu vyepesi vya hadithi vikapelekwa sekondari. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka ule ule wa 1984 akasema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia na kipewe uzito wake. Sera ya 2014 ikaja ikafungua mlango wa Kiswahili ngazi zote, lakini mtoto wako wa fomu foo anayekaa kwenye chumba cha mtihani leo bado anajibu karibu masomo yote kwa Kiingereza.

Mimi sijaja kuwaambia muandamane kuhusu sera. Wenye kubishana wabishane, nina msimamo wangu na ningependa kuona Kiswahili kinapanda mpaka juu, ila mtoto aliyeko darasani mwako wiki hii hawezi kusubiri mjadala uishe. Tangu Makweta imepita miaka zaidi ya arobaini. Kwa hiyo swali la mkuu wa shule ni moja, ndani ya sheria hizi hizi zilizopo, namfikishaje huyu mtoto?

Kuna Mkanada anaitwa Jim Cummins, mwaka 1979 alieleza kitu ambacho kila mwalimu hapa atakitambua. Alisema lugha ya kuongea, ya sokoni na ya mpirani, ni tofauti na lugha ya shule, ile ya kueleza sababu, kulinganisha, kutetea hoja. Ya kwanza mtoto anaipata ndani ya mwaka mmoja miwili. Ya pili inachukua miaka mitano mpaka saba, na hapo anaongelea watoto wahamiaji kule Kanada wanaosikia Kiingereza kila mahali, barabarani, kwenye tivii, kwa jirani. Sasa piga hesabu ya mtoto wa Mufindi au wa Kiwira. Kiingereza anakisikia darasani tu, akitoka getini kimeisha, na tumempa miaka minne mpaka mtihani wa taifa. Cummins akaongeza kitu kingine ambacho ndio tumaini letu, kwamba alichokielewa mtoto kwa lugha moja hakipotei, akipata maneno kwenye lugha ya pili anakihamisha. Nigeria walilijaribu hilo kwa vitendo. Kule Ife, kuanzia mwaka 1970, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake walichukua watoto wakawafundisha miaka yote sita ya msingi kwa Kiyoruba, Kiingereza kikafundishwa kama somo na mwalimu anayekijua vizuri, na wale watoto wakawazidi wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema, mpaka kwenye Kiingereza chenyewe wakafanya vizuri.

Sasa niwaoneshe darasani inafanyikaje maana nadharia peke yake haimsaidii mwalimu mwenye watoto themanini.

Nilipokuja kuwa mkuu wa shule kulikuwa na mwalimu wangu wa baiolojia, kijana, ana moyo. Kidato cha pili, mada ya maji kuingia na kutoka kwenye seli. Zamani alikuwa anaandika notsi ubaoni, watoto wanakopi, kengele inagonga. Siku hiyo tulikubaliana abadilishe. Akaja na viazi, huku kwetu viazi sio tatizo, akavikata vipande virefu kama chipsi, kila kundi likapewa vikombe viwili, kimoja maji matupu, kingine maji yenye chumvi nyingi. Vipindi vilikuwa viwili mfululizo. Wakati wanasubiri wakaambiwa waongee kwa Kiswahili, watabiri nini kitatokea na kwa nini. Mimi nimekaa nyuma kwenye dawati. Jamani, darasa lile lilikuwa na kelele ya sokoni! Mmoja anasema chumvi itaingia kwenye kiazi, mwingine anasema hapana, mama akiweka chumvi kwenye kachumbari maji yanatoka, mwingine anabisha. Walipotoa vile vipande, cha maji matupu kimekakamaa, cha chumvi kimelegea unaweza kukikunja kama kamba. Mwalimu hakuwapa jibu. Akawaacha wabishane mpaka kundi moja likasema maji yametoka ndani ya kiazi kwenda kule kwenye chumvi nyingi.

Hapo ndio Kiingereza kikaingia. Akaandika ubaoni maneno machache, akawasemesha pamoja, akawapa mwanzo wa sentensi, "The potato in salt water became...", halafu "because water moved...". Wakaambiana kwanza kwa mdomo, wawili wawili, ndipo wakaandika. Kila mtoto aliandika sentensi mbili tatu zake mwenyewe. Zilikuwa na makosa, ndio, mmoja kaandika potato bila "the", mwingine kasahau wakati uliopita, lakini kila sentensi ilikuwa na maana ndani yake. Kesho yake akawapa swali la mtindo wa NECTA, "Explain why", akawafundisha kwamba ukiona "explain" unatakiwa utoe sababu, ukiona "distinguish" unatakiwa uoneshe tofauti za pande zote mbili. Hilo la kumfundisha mtoto kulisoma swali naomba mlichukue, maana kuna watoto wengi wanafeli wakati somo wanalijua, hawajui tu swali linataka nini.

Kwa hiyo ukisikia watu wanasema kutumia Kiswahili darasani ni uvivu wa mwalimu, angalia kwanza kinatumika wapi. Kama mwalimu anasoma sentensi ya Kiingereza halafu anaitafsiri, halafu anasoma nyingine anaitafsiri, mtoto anasubiri tafsiri tu, Kiingereza hakisikilizi tena. Kiswahili kiwekwe pale pa kufikiri na kubishana, Kiingereza kiwekwe pale pa kusema na kuandika kile kilichokwisha kueleweka, na mwalimu ajue kabla hajaingia darasani, kwenye andalio lake la somo, kwamba dakika hizi ni za lugha hii na dakika zile ni za lugha ile. Hiyo sio kuchanganya ovyo. Hiyo ni kazi ngumu na inahitaji maandalizi kuliko kukopisha notsi.

Na hapa ndipo mkuu wa shule anapoingia. Yule kijana asingethubutu kama mimi ningekuwa mtu wa kupita dirishani nasikiliza nani anaongea Kiswahili. Alikuwa ananiogopa mwanzoni, aliniuliza, mama, mdhibiti ubora akija akakuta darasa linaongea Kiswahili? Nikamwambia andika kwenye andalio lako kwamba ni dakika za majadiliano, akija mlete ofisini kwangu nitamweleza mimi. Ndio kazi yako hiyo wewe mkuu. Kuweka kifua mbele ili mwalimu wako afundishe.

Niliwahi kufundisha shule moja, jina siitaji, mlangoni kwa mkuu kulikuwa na karatasi imebandikwa, "No English No Service". Mmeziona nyingi tu. Mtoto anayeongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anazunguka nacho mpaka amkamate mwenzake amhamishie. Jioni moja wakati wa prepu binti wa fomu wani alikuwa anaumwa tumbo vibaya, ndio mara yake ya kwanza kuingia kwenye siku zake, haelewi kinachomtokea, na hakwenda kwa mtu yeyote kwa sababu hakujua aseme vipi kwa Kiingereza. Alikaa pale amejiinamia mpaka mwenzake akaona damu kwenye benchi. Mimi jambo lile halijanitoka na halitanitoka. Mtoto wa miaka kumi na nne ana maumivu, mlango uko hatua chache, na karatasi inamwambia usipoongea lugha ya kigeni hupati huduma. Nawaomba sana, tena nawasihi kama mama yenu, mkikuta karatasi hiyo kwenye ofisi mnayokabidhiwa, ing'oeni siku hiyo hiyo, na vibao vichomeni moto. Ofisi ya mkuu wa shule mtoto aingie kwa lugha yoyote aliyonayo, hata kama ni Kisafwa, mtafute wa kumsaidia.

Watu wananiuliza, sasa bila kulazimisha watakiongea lini? Watakiongea wakiwa na la kusema. Tengeneza nafasi. Mdahalo wa Ijumaa watoto wapewe mada mapema, wajiandae kwa Kiswahili, wakaongee kwa Kiingereza. Vitabu vya hadithi vyepesi vitoke stoo, vimefungiwa na makufuli vinaliwa na panya, mkuu anaogopa vitapotea, acha vipotee vikisomwa! Mstarini mtoto asome habari fupi aliyoiandika mwenyewe. Na anayekosea asichekwe, mwalimu wa zamu alisimamie hilo kwa nguvu zote.

Sasa walimu. Hili ni gumu kulisema lakini tuko wenyewe. Mwalimu wa kizazi chetu amepita njia ile ile, naye alinyamaza Machi ya fomu wani, akakariri, akafaulu, akaenda chuo, akarudi kufundisha. Kiingereza chake kina hofu ndani. Ukimkosoa mbele ya wanafunzi umemmaliza, kuanzia siku hiyo atashikilia kitabu asome tu. Shuleni kwangu tulitenga nusu saa kila wiki ofisi ya walimu, mmoja anachukua kipande cha somo lake anakifundisha kwa Kiingereza mbele yetu, tunauliza maswali, tunarekebishana matamshi, mlango umefungwa. Mwalimu wa Kiingereza anasaidia wa fizikia, wa fizikia anamweleza wa Kiingereza maana ya lile jambo lenyewe. Haikuwa na posho wala chai ya bure na walimu walikuja, maana walikuwa wanahitaji.

Wazazi nao. Tulipoanza mtindo huu maneno yalizunguka kijijini kwamba shule imeshusha Kiingereza. Kwenye mkutano akasimama baba mmoja, mkulima wa viazi, akasema, "Mwalimu, mwanangu Kiswahili anakijua, chumvi dukani ananunua kwa Kiswahili, nimemleta hapa apate Kiingereza, nyie mnamwongelesha Kiswahili?" Watu wakapiga makofi. Ni swali la haki kabisa, mzazi huyu ameuza viazi vyake akanunua sare na madaftari, lazima aulize. Sikubishana naye. Nikamwomba mwanawe, ambaye alikuwepo, kama yuko tayari amweleze baba lile somo la viazi. Yule kijana akaeleza kwa Kiswahili, taratibu, akimwangalia baba yake, maji yanatoka wapi yanakwenda wapi, halafu akafungua daftari akasoma zile sentensi zake za Kiingereza. Baba akakaa kimya kidogo halafu akauliza, "Kwa hiyo mbolea ya chumvichumvi ikizidi kwenye shina ndio maana mche unakauka hata kama kuna maji?" Mwalimu wa baiolojia akaruka kutoka kwenye kiti, ndio mzee, ndio hivyo hivyo, mbolea ikizidi maji yanavutwa kutoka kwenye mizizi! Mkutano mzima ukageuka ukawa somo la mbolea. Baada ya hapo yule baba ndiye aliyekuwa anatutetea vijiweni, na baadaye akaingia bodi ya shule.

Ndio maana nasema mzazi mwoneshe, usimhubirie. Anachoogopa ni mtoto wake kubaki nyuma wakati wa mwenye hela anapelekwa ingilishi midiamu. Hofu hiyo ina sababu, na wenye shule wanaijua. Kwa nyie mnaoongoza hizo shule za ingilishi midiamu, nina neno moja na nitalipitia haraka: mtoto wenu anaongea Kiingereza vizuri, hongereni, lakini mpeni na Kiswahili cha kuandika barua, cha kusoma gazeti, cha kukaa na babu yake. Nimepokea fomu wani waliotoka huko, wakiandika insha ya Kiswahili unaona kabisa hawajawahi kuambiwa kwamba lugha hii nayo inafundishwa. Mtoto wa Sent Kayumba, yaani shule ya serikali, na mtoto wa shule ya kulipia wote wana deni la lugha, kila mmoja upande wake.

Mambo mengine ya uongozi mtafundishwa ADEM, chuo cha uongozi wa elimu, kampasi ipo hapa hapa Mbeya, nendeni mkasome, fedha za ruzuku, manunuzi, mafaili, hayo yana taratibu zake na ukiyachezea yatakuchezea. Mimi nitasema tu kwamba chakula cha mchana kipiganieni na kamati zenu mpaka kipatikane. Elimu bila malipo tangu 2016 imeondoa ada, wazazi wengine wakaelewa kwamba hata mahindi ya makande serikali italeta. Kaeni nao msimu wa mavuno, kila mmoja alete debe lake wakati analo, usimdai mwezi wa pili. Mtoto mwenye njaa saa nane mchana hakuelewi kwa lugha yoyote.

La mwisho, na hili ni la haraka kwenu kuliko kwangu. Kwa mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Maana yake mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 sekondari zinapokea mikupuo miwili kwa wakati mmoja, tena nusu yao wakiwa wadogo kwa mwaka mmoja, wamesoma mwaka mmoja pungufu. Madarasa serikali itajenga, wananchi tutabeba mawe kama kawaida yetu. Mimi nauliza nani atasimama mbele yao. Kwenye shule nyingi mwalimu bora kabisa yuko fomu foo kwa sababu mkuu anaogopa matokeo, na fomu wani anapewa mgeni aliyeripoti juzi, au yule ambaye vipindi vyake ni vichache. Nilipokuwa mkuu niligeuza. Mwalimu wangu mwenye subira kuliko wote, anayejua kumfanya mtoto aongee, nilimpa fomu wani, na nikamwambia hatoki huko. Wenzake walishangaa, mtaaluma alinijia juu. Ila watoto wale walifika kidato cha tatu bado wanauliza maswali.

Kwa hiyo leo mkirudi, kabla hamjafungua barua za mezani, chukueni ratiba muangalie jina la mwalimu aliye fomu wani, na walimu wakuu wa msingi muangalie aliye darasa la kwanza. Kama ni jina lililowekwa kujaza nafasi, lifuteni. Mimi nipo hapa ukumbini mpaka saa tisa, mwenye ratiba yake kwenye simu aje nayo, tukae tuipange pamoja. Asanteni sana, ndaga fijo.